T7A ni nini?

Jamani, nimetoka Kayanga na nimerudi na hasira. Nilitembezwa kwenye jengo jipya (la nani, simtaji). Taa zinajiwasha, pampu inajiendesha, wenyewe wanaliita "smati". Wakanifungulia sanduku la mitambo. Nyaya zimeandikwa T1, T2, T7A. Nikauliza, T7A ni nini? "Fundi ndiye anajua." Fundi yuko wapi? Mwanza, na laptopu yake.

Mimi naita huo utumwa wa fundi.

Wadau, kuna kitu kinaitwa ontolojia. Jina linatisha bure. Ni kuandika, kwa lugha ambayo mtu na kompyuta wote wanaielewa, kila kifaa ni nini, kiko wapi na kinalishwa na nini. Mwaka 2012 Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe, Nkwenda haikusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni uhusiano mmoja tu: "iko ndani ya". Kompyuta inayoujua uhusiano huo, unarekebisha mstari mmoja. Isiyoujua, unachapa kila kitu upya.

Sasa twende zahanati. Friji ya chanjo inatakiwa ikae nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme umekatika (wa Kagera mnaujua, miaka mingi tumeuvuta kutoka Uganda) na betri ya sola haiwezi kubeba vyote. Kizimwe nini? Mtambo unaojua kwamba T7A ni kipimajoto cha friji ya chanjo, na kwamba friji hiyo inakula betri moja na runinga ya mapokezi, utazima runinga. Usiojua unabahatisha. Na msiniambie fundi anaandika kwenye daftari. Programu haisomi daftari.

Mambo ya Ulaya? Brick, msamiati wa kueleza majengo kwa namna hii, ulitoka 2016 na ni wa bure. Halafu mwaka 2022 si sisi tuliozunguka nchi nzima kubandika namba za nyumba kwa ajili ya anwani za makazi? Tuliweza kuita kila kichochoro jina, swichi inatushinda?

Gharama ni siku chache za kuandika kabla waya haujavutwa. Ghali ni nauli ya Mwanza kila T7A ikigoma.

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani wa Karagwe na Kyerwa, zabuni ijayo wekeni kipengele kimoja: mkandarasi halipwi awamu ya mwisho mpaka akabidhi maelezo hayo, kwenye faili lisilofungwa kwa programu yake, likiwa mali ya mwenye jengo. Natoa hoja.