Dada, Usimtoe Paka Nje Usiku

Dada zangu na mabibi harusi wetu.

Leo sikuja na mishono wala rangi za kanga. Nimekuja na ugomvi. Kila bibi harusi akilalamika kwamba kitoto cha paka alichokileta nyumbani hakimpi usingizi, anapewa nasaha ileile: mtoe nje, funga mlango, atazoea. Au: mtie stoo, mwache alie mpaka achoke. Wanaoitoa ni watu wazima, wengine ni masomo wetu waliotufunda ndoa. Mimi nasema nasaha hiyo haileti usingizi, na kwa dini yetu ni mbaya zaidi. Nasema hivyo kwa sababu niliifuata.

Nilipoolewa nilihama Unguja nikaja huku Mkunya, Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Chumba cha mbele nikakifanya cha kushonea. Huku watu wanahifadhi mahindi na korosho majumbani, na penye magunia panya hawakosekani. Siku nne kabla ya harusi ya mteja wangu, panya walitafuna kitambaa cha shela yake. Nikalipa. Wiki hiyohiyo nikaomba paka kwa jirani, nikapewa kitoto kidogo kabisa, kikitembea kinayumba, bado kinanyonya. Nilikiona kizuri, nikakichukua. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Usiku wa kwanza kililia mpaka alfajiri. Usiku wa pili vilevile. Siku ya tatu bi mkubwa mmoja ninayemheshimu akaniambia paka anayelia hivyo hakuja peke yake, amekuja na kitu, kisilale ndani. Ilikuwa Julai, na aliyelala Newala mwezi wa Julai anajua kwamba baridi ya huku si ya Unguja. Nikakitoa. Kililia mlangoni, kisha kikanyamaza, na mimi, nakiri mbele yenu, nikalala vizuri. Nilipotoka kuchukua maji ya udhu wa Alfajiri nikakikuta kando ya ndoo, kimekakamaa.

Dada yangu, unaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imo ndani ya Bukhari na Muslim, tumeisoma tangu chuoni. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, mpaka akafa. Tunaihadithia kama kisa cha mtu wa zamani, kisha usiku tunamfungia paka stoo bila chakula na tunaitana kwenye darsa asubuhi. Tofauti yetu na yule mwanamke ni ipi?

Na hili la "kitu" tuliache. Kitoto cha paka kinalia kwa njaa, kwa baridi au kwa upweke. Jana yake kilikuwa kimelala tumboni mwa mama yake, ndugu zake wamekilalia huku na huku. Leo kiko peke yake juu ya sakafu ya saruji, katika nyumba yenye harufu ngeni. Wewe bibi harusi, usiku wako wa kwanza ukweni ulilala fofofo? Nawajua waliolia mpaka mto ukalowa, na hakuna aliyesema wamekuja na kitu.

Basi usingizi unaanza siku ya kukichukua. Kiache kwa mama yake mpaka kifikishe wiki 8. Anayekupa kabla ya hapo, mwambie akutunzie. Kitoto cha wiki 3 hakiwezi kujipasha joto vizuri wala kula chakula kigumu, kwa hiyo utaamka usiku kucha, na hata ukiamka huenda kisipone.

Kitoto cha pili nilikisubiri mpaka wiki 8. Nilipeleka kipande cha kanga kuukuu kwa jirani, mama paka akakilalia siku mbili, ndipo nikakichukua kitoto pamoja na kanga yake. Nikaweka boksi kwenye kona isiyopita upepo, kanga ndani. Chupa ya maji ya moto nikaifunga kwa taulo ili isikiunguze, nikaiweka pembeni mwa boksi. Kililia kidogo usiku wa kwanza, nikakaa karibu nikakishika mpaka kikatulia. Usiku wa nne tulilala sote.

Jambo la pili ni jioni yako. Paka kwa maumbile yake huchangamka magharibi na alfajiri, na mchana hulala sana. Ukimwacha alale tangu Adhuhuri mpaka Isha halafu utegemee alale tena nawe, unajidanganya. Baada ya Magharibi mchezee dakika 15: vuta kitambaa, akimbie, aruke, achoke. Kisha, ukimaliza Isha, mpe chakula cha mwisho. Paka aliyecheza na kushiba hujilamba kisha hulala. Mimi nampa dagaa nilioloweka kutoa chumvi na kuwachemsha, nawaponda, bila kitunguu kwa sababu kitunguu ni sumu kwa paka. Maziwa ya ng'ombe usimpe. Humharisha, na usiku utaamka kufua badala ya kulala.

Mwekee na choo chake. Huku mchanga hatununui. Beseni la zamani na mchanga mkavu linatosha, mbali na chakula chake. Na wenzangu mafundi: mabaki ya nyuzi na sindano yasibaki sakafuni. Uzi akiumeza unaweza kumkata utumbo. Mimi cherehani naifunika, nafagia, ndipo nafunga chumba.

Akilia saa tisa usiku, sikiliza kwanza. Kama ana baridi, choo kimejaa au ameumia, msaidie. Kama ameshiba na yuko salama, usimpe chakula, maana ukimpa leo, kesho atakuamsha saa hiyohiyo. Hapo ndipo ilipo "kuzoea" ya kweli: anazoea akiwa ndani, ana joto na ameshiba.

Sasa niwageukie wenzetu wa upande wa pili, wanaomlaza paka ndani ya chandarua ili wapige picha. Kucha zake zitatoboa neti, na huku kwetu malaria haina mzaha. Mpe boksi lake, neti ichomeke chini ya godoro.

Najua jibu linalokuja: paka ni najisi, ataharibu swala. Hapana. Abu Qatada radhiyallahu anhu aliinamisha chombo cha maji ya udhu paka anywe, mkwewe Kabsha akashangaa, naye akamweleza kwamba Mtume ﷺ amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Mkojo na kinyesi chake ndiyo najisi, vioshe. Manyoya machache yaliyong'oka, kwa madhehebu yetu ya Shafi, yanasamehewa. Tenga nguo na mswala wa kuswalia, mahali asipofika, na moyo wako utatulia. Aliye na shaka amuulize sheikhe wake, si jirani.

Jibu jingine ni kwamba paka humfanya bibi harusi asizae. Hili limewanyima usingizi wengi kuliko mlio wa paka. Manyoya hayazuii mimba. Kilichopo ni ugonjwa unaoitwa toksoplasmosisi, unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Unapatikana kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, kwenye udongo uliochafuka, na kwenye nyama isiyoiva. Ukiwa mjamzito usisafishe choo cha paka, mume asafishe, na asafishe kila siku, kwa sababu vijidudu vile huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Osha mikono na mboga, ivisha nyama. Na mweleze mkunga kliniki kwamba una paka.

Waume nao nawaambia: mnapotaka panya waondoke stoo, mnamsifu paka. Akilia usiku mbili anakuwa mkosi wa mke. Amka wewe ujaze maji ya moto usiku mmoja, hutapungukiwa na uanaume.

Mama wakwe na masomo, nawaheshimu, mmetufundisha mengi. Lakini hili limefundishwa vibaya, na anayefuata ni msichana mgeni asiyethubutu kubisha. Nilikuwa mimi. Nilikizika kile kitoto mwenyewe chini ya mkorosho kabla mume wangu hajarudi kutoka msikitini, nikaswali nikiomba msamaha, na mpaka leo sijui kama nimesamehewa. Usiku wa leo kama kuna kitoto cha paka kinalia nje ya mlango wako, nakuomba fungua.

Wassalaam alaykum.