Ndege ya Loki Isigeuzwe Sufuria

Kila nikigusia hii mada naulizwa swali lilelile: "Watu wana njaa Turkana, na wewe unataka tuhifadhi bati?" Juzi nimeulizwa tena, hapa Nawoitorong, nje kidogo ya Lodwar kwenye barabara ya Kitale, na rafiki aliyekuwa ameninunulia chai. Chai ilikuwa yake, nikanyamaza. Sasa chai imeisha, wacha nijibu.

Bati lenyewe ni mizoga ya ndege iliyoachwa kando ya uwanja wa Lokichoggio, kilomita mia mbili na kitu kutoka hapa, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Kama ulizaliwa baada ya 2000, labda Loki kwako ni mji wa kupitia tu. Lakini kuanzia Aprili 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha Operation Lifeline Sudan, uwanja ule haukulala. Hercules moja iliondoka na tani kama 16 za nafaka, ikashuka chini juu ya vijiji vya Bahr el Ghazal, ikafungua mlango wa nyuma na magunia yakamwagika kutoka angani. Yalikuwa magunia yaliyovishwa magunia mengine, ili la ndani likipasuka, la nje lishike.

Na nani aliyavisha? Mjomba wangu, na vijana wengine wa Kiturkana kama yeye.

Alikuwa kibarua wa kupakia, miaka tisa, analipwa kwa siku. Hana barua ya kazi, hana picha, hata fulana ya shirika hana. Bega lake la kulia limeshuka; akitembea utadhani gunia bado liko pale. Huwa anasimulia Februari 1998, Khartoum ilipokataza ndege kuruka kwenda Bahr el Ghazal. Ghala limejaa, ndege zimesimama juani, marubani wanacheza karata, na wao vibarua wamekaa chini ya bawa kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Makumi ya maelfu ya watu walikufa kwa njaa mwaka ule, upande wa pili wa mpaka. Mjomba anasema hajawahi kuchukia kivuli kama kile.

Kuna hadithi nyingine ambayo haisemi mbele ya wageni. Ukame wa 1999 hadi 2001 ulifagia mifugo huku kwetu. Mchana alikuwa anapakia chakula cha kuvuka mpaka, jioni anarudi nyumbani anakuta wanatafuna makoma. Msaada ulitufikia na sisi pia, kwa malori, sitadanganya. Lakini hebu jaribu kumweleza mtu mwenye njaa kwamba gunia lililo begani mwake lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: ihifadhiwe ndege moja. Sisemi zote. Moja, palepale Loki, pamoja na hizo hadithi mbili, ile ya kujivunia na ile ya hasira.

Wenzangu wa skrepu wana hoja, nakubali. Mwili wa ndege ni alumini, alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na fundi wa jua kali anaweza kuigeuza sufuria ndani ya siku chache. "Sufuria angalau inapika," rafiki yangu alisema, akadhani amemaliza. Inapika nini, bana? Pesa ya skrepu hulipwa mara moja, kwa mwenye karatasi na mwenye lori, na hakuna hata mmoja kati yao anayelala njaa Loki. Tena hii nchi inajua skrepu ikiachiwa hufika wapi. Januari 2022 rais alilazimika kusimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu watu walikuwa wanakatakata hadi minara ya stima. Ilifunguliwa tena Mei. Anayekata nguzo ya umeme akiona ndege isiyo na mwenyewe atafanya nini?

Halafu kuna wale wa "gharama". Ati kuhifadhi ndege ni mradi wa mamilioni. Ingekuwa Mombasa ningewaogopa, kwa sababu chumvi ya bahari hula alumini vibaya. Lakini Turkana ni kukavu. Wamarekani wanapotaka kuweka maelfu ya ndege zao za kijeshi zisioze, huzipeleka jangwani, Tucson, Arizona. Sisi jangwa tunalo bure. Kinachoua ndege huku ni jua kwenye matairi na mipira, mchanga unaopulizwa na upepo, popo, na mtu mwenye msumeno. Dawa yake ni kumwaga mafuta yaliyobaki, kuziba matundu, kuifunga chini isipeperushwe, paa la mabati, ua, na askari mmoja anayelipwa kwa wakati. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu.

Sheria je? Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inataja vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Inalinda pia milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Ndege haimo. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri nafasi ya kutangaza kitu kingine chochote chenye thamani ya kihistoria kuwa kitu kinacholindwa. Ni tangazo moja tu kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na bila hilo sisi tunapiga kelele tu.

Nikishasema hivyo, hutokea mtu wa Nairobi mwenye nia njema anayesema basi iletwe mjini, ipakwe rangi, watu waione. Hapana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu Nariokotome, upande wetu wa ziwa, na kutoka hapo yakafukuliwa mifupa ya kijana wa miaka milioni moja na nusu. Dunia inamwita Turkana Boy. Mifupa yenyewe iko Nairobi, na mtoto wa shule wa Lodwar akitaka kumwona huyo ndugu yake asafiri kama kilomita 700. Tumeshatoa mmoja, inatosha.

Na tusidanganyane kuhusu nani hukumbukwa kwa mambo ya ndege nchini. Denys Finch Hatton alianguka Voi na kandege kake Mei 1931, na hadi leo watalii wanapanda Ngong kutafuta kaburi lake. Sina ugomvi na marehemu. Ila hata filamu aliwekewa, na waliobeba magunia Loki kwa zaidi ya miaka kumi na tano hawana hata ubao wenye majina yao. Amani ya Sudan ilipotiwa sahihi Nairobi Januari 2005, mashirika yakaanza kuhamia Juba. Mwaka uliofuata, hospitali ya Lopiding, iliyokuwa ikitibu majeruhi wa vita tangu 1987, Msalaba Mwekundu ukaikabidhi kwa serikali. Vibarua walikabidhiwa kwa nani?

Nilimsomea mjomba haya niliyoandika. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimekosea jambo moja: ile ranwei hawakuiita hivyo, waliiita shamba, kwa sababu ndipo walipolima. Kisha akaniuliza swali ambalo rafiki yangu wa chai hajaniuliza. "Wakiiuza ile ndege, nikimwambia mjukuu wangu nilifanya kazi Loki, nitamwonyesha nini?"

Nikamwambia atamwonyesha bega. Hakucheka.