Mwaridi Usiotegemea Dawa



Masika yanapokatika, pita katika mtaa wowote wa mwambao wetu, uwe wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, uitazame miwaridi iliyopandwa mbele ya nyumba. Mingi utaikuta vijiti vitupu: ua moja juu, miba chini, na majani yamepukutika yote. Mwenye nyumba atakwambia mti umezeeka, au udongo umechoka, na wapo wanaofika hadi kumshuku jirani. Aghalabu si hayo. Mti umeugua madoa meusi, na kinachofuata ni safari ya dukani kununua chupa ya dawa.

Safu hii inapenda kusimama hapo leo, kwa kuwa waridi katika nyumba zetu si la kutazamwa tu. Petali zake huingia katika kikuba pamoja na asumini na rihani, humwagwa juu ya kitanda cha bibi arusi, hutiwa katika maji ya kuoga, na wapo wanaozitia katika chai na sharubati. Kitu kitakachogusa nywele, ngozi na vinywa vya watu wa nyumbani hakifai kuwa kimepuliziwa sumu juzi. Dawa nyingi za kuvu zinazouzwa kwa ajili ya maua ya mapambo hazikuidhinishwa kutumika juu ya kitu kinacholiwa. Na chini ya mti huo huo watoto hucheza na kuku huparura. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza dawa gani inafaa, tuulize kwanza ni mwaridi gani unaoweza kuishi bila ya dawa.

Ugonjwa wenyewe tuujue kwanza. Madoa meusi huletwa na kuvu ambayo wataalamu huiita Diplocarpon rosae. Vijimbegu vyake haviwezi kulipenya jani kavu. Sharti jani likae na maji juu yake kwa muda wa saa 7 hivi au zaidi. Mvua ya usiku inayofuatiwa na asubuhi ya mawingu huyatimiza masharti hayo bila ya taabu. Baada ya siku kadhaa hutokea doa jeusi lenye kingo zilizochanikachanika, jani hugeuka manjano, kisha huanguka. Mti huchipua majani mengine kwa kutumia akiba yake, nayo huanguka, mpaka akiba ikaisha na mti ukafa.

Ubwiri unga, ule unga mweupe unaoyakunja majani machanga, una tabia nyingine. Hauhitaji maji juu ya jani. Hustawi pale mchana unapokuwa mkavu na usiku ukawa wa baridi yenye unyevu, na kwa sababu hiyo huwasumbua zaidi watu wa Lushoto, Arusha na Nairobi. Ndiyo maana mwaridi unaosifiwa na shangazi yako wa Nairobi unaweza kukufia Unguja katika msimu mmoja, bila ya wewe kukosea lolote.

Kwa miaka mingi wazalishaji wa miwaridi huko Ulaya na Marekani waliichagua miti yao kwa uzuri wa ua: ukubwa wake, rangi yake, urefu wa kikonyo chake. Afya ya jani wakaiachia chupa ya dawa. Ujerumani ilianza mapema kutafuta njia nyingine. Jaribio lao liitwalo ADR, lililoanzishwa mwaka 1948, huipanda miwaridi mipya katika vituo vya mikoa mbalimbali na kuitazama kwa miaka, na tangu mwaka 1997 hufanywa bila ya dawa kabisa. Mwaridi unaobaki na majani yake hupewa cheti.

Huko Marekani, bwana mmoja wa Milwaukee, William Radler, alikwenda mbali zaidi. Aliyakusanya majani yenye madoa meusi, akayakausha, akayasaga, akawa anaunyunyiza unga wake juu ya miche yake michanga na kuimwagia maji kutoka juu ili ugonjwa ushike vizuri. Mche ulioungua aliutupa. Katika ile iliyosalia ukatoka mwaridi uitwao Knock Out, ulioingia sokoni mwaka 2000 na ukawa miongoni mwa miwaridi iliyouzwa sana nchini humo. Naye mkulima wa nyumbani afanye kama Radler: asiuonee huruma mche dhaifu.

Lakini tusidanganyike na majina. Kuvu ya madoa meusi ina koo nyingi, na mwaridi ulioushinda ukoo mmoja huko Ujerumani unaweza kushindwa na ukoo mwingine mahali pengine. Huo Knock Out wenyewe, pamoja na sifa zake zote, huuawa na ugonjwa wa virusi unaoenezwa na utitiri katika majimbo mengi ya Marekani. Ustahimilivu si kinga ya kila kitu.

Upo mwaridi mmoja ambao wasomaji wetu wengi wanautamani, na ni haki yao: mwaridi wa Damascus, ule unaotoa marashi ya Taif, na ule wa Jabal Akhdar kule Oman, ambako wenyeji huzikusanya petali wakati wa majira ya kuchipua, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na kuzikeneka katika majiko yao. Ni mti mgumu na wenye harufu isiyo na mfano. Hata hivyo kote huko ni milimani, mashamba ya Jabal Akhdar yakifikia takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mti huo huchanua mara moja kwa mwaka, nao hutaka majira ya baridi kabla ya kuchanua. Ukiupanda Kilwa au Malindi utapata majani na miba, na maua ya kuhesabika. Wa nyanda za juu wanaweza kuujaribu. Wa pwani wanunue marashi yake waujaze mrashi.

Sisi wa joto tunafaa kutazama upande wa China. Miwaridi ya kale ya China, iliyofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, pamoja na ndugu zake waitwao miwaridi ya chai, haingoji baridi, bali huchanua mwaka mzima palipo na joto. Katika kisiwa cha Bermuda, chenye unyevu na upepo wa chumvi, miti ya namna hiyo imeishi kwa vizazi katika nyua na makaburini, mingine ikiwa imeshapotewa na majina yake. Chuo Kikuu cha Texas A&M, kilichoipima miwaridi bila ya dawa katika joto la Texas, kimeorodhesha baadhi yake kuwa imara: Mutabilis, ambao ua lake huanza manjano, likawa la pinki, kisha jekundu iliyokoza; na Duchesse de Brabant, wenye ua la pinki na harufu nzuri.

Vitalu vyetu vya kando ya barabara, hata hivyo, mara nyingi huuza mwaridi usio na jina, kwa hiyo jicho ndilo litakalokufaa. Usiende kununua wakati wa kiangazi, ambapo kila mti unapendeza. Nenda mwishoni mwa masika, uupite ule wenye ua kubwa, uinamie ule wenye majani mpaka chini. Jani nene, linalong'aa kama lililopakwa mafuta, ni dalili njema ingawa si hakika. Na kabla ya kitalu, tembea mtaani kwako. Palipo na mwaridi wa miaka 10 ambao mwenyewe hajawahi kuupulizia kitu, na mvua zimeuacha na majani yake, hapo ndipo pa kubisha hodi. Mti huo umekwisha kupambana na kuvu ya mtaa wenu, na cheti cha Ujerumani hakiwezi kukwambia hivyo.

Neno kuhusu shada la dukani. Wapo wanaochukua kikonyo cha waridi la kuuza, la Naivasha au Arusha, wakakichomeka ardhini. Huenda kikashika. Ila miwaridi hiyo ilizalishwa iishi ndani ya nyumba za plastiki chini ya uangalizi na dawa, na ua lake likae muda mrefu katika chombo. Nje, chini ya mvua, wengi wao hawana ubavu. Petali zake pia zisitiwe katika chai.

Ukishaupata mti, mpe mahali penye jua la saa 6 au zaidi, na hasa jua la asubuhi, maana ndilo linalokausha umande. Acha nafasi ya mita 1 hivi kati ya mti na mti, wala usiubane ukutani pasipopita upepo. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Okota majani yaliyoanguka kila wiki uyachome au uyafukie mbali, kisha tandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe udongo wenye kuvu. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni hafifu au kwa vidole vya mtoto aliyepewa kazi hiyo.

Pwani kuna tatizo la chokaa ya matumbawe. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Penye chokaa, majani machanga huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na watu hudhani ni ugonjwa. Dawa yake ni kuinua tuta kwa mboji na samadi iliyooza vizuri, au kupanda katika ndoo kubwa ya lita 20 au zaidi iliyotobolewa chini.

Kwa jirani, omba kijiti kilichokwisha kutoa ua, kinene kama penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu. Kichomeke nusu yake katika mchanganyiko wa mchanga na mboji, kivulini, na udongo usikauke wala usitote. Katika wiki 4 hadi 8 kitakuwa na mizizi yake yenyewe. Chomeka 5, kwa kuwa 2 au 3 vitakufa, na kinachozidi mrudishie jirani katika kopo.