MFARISHI WA KRISMASI NAO UNA MSHAHARA WAKE



Kila ifikapo Desemba mabasi ya Nairobi na Mombasa huja yamejaa watu wetu wanaorudi nyumbani. Hapa Mukumu nyumba hukandikwa upya, vitambaa vya viti hufuliwa, na penye uwezo kitanda cha mgeni hutandikwa mfarishi, yaani blanketi la viraka la tabaka tatu, mwekundu na kijani kwa ajili ya sikukuu. Wengi wetu twausifu. Ni wachache wanaouliza ulishonwa kwa saa ngapi.

Nataka kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze wenzangu, nami mwenyewe nimo katika lawama. Sisi tunaodai mshahara wa haki kazini, tukifika nyumbani twageuka mabwana wabaya kwa mama anayeshona.

Krismasi iliyopita nilinunua mfarishi kwa jirani yangu. Alitaka shilingi 2,500. Nikambana mpaka akakubali 1,500, nikaenda zangu nikijiona mjanja. Siku chache baadaye nilikaa naye barazani, nikamwomba anieleze kazi yenyewe.

Kwanza huenda Khayega kwa mafundi wa nguo kuomba au kununua mabaki. Huyafua, huyapiga pasi, hukata miraba iliyo sawasawa, maana mraba mmoja ukizidi, mstari mzima hupinda. Kisha huunga kwa cherehani. Juu huweka viraka, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Hupiga bandi ili tabaka zisiteleze, hushona kupita zote tatu, na mwisho hutia pindo. Kazi hiyo ni saa 40, tena jioni, baada ya shamba na jiko. Mabaki, uzi, shuka na kitambaa cha pindo vilimgharimu shilingi 700.

Fanyeni hesabu, ndugu zangu. Toa 700 katika 1,500, zabaki 800. Gawanya kwa saa 40. Ni shilingi 20 kwa saa! Mimi nikipewa mshahara huo nitakimbia siku hiyo hiyo kwa katibu wa tawi.

Wako watakaosema, "Lakini huyo yuko nyumbani kwake, anajipitishia wakati tu, na viraka ni takataka." Hayo si kweli. Viraka vyaweza kuwa takataka, lakini macho na mgongo wake si takataka. Wengine watasema blanketi la mtumba sokoni ni rahisi zaidi. Hilo ni kweli, na anayetaka joto tu akanunue hilo. Lakini anayetaka mfarishi wa Krismasi anataka kazi ya mkono, basi alipe kazi ya mkono.

Jambo hili halikuanza kwetu. Katika mji wa Ahmedabad, India, wanawake walikuwa wakishona mifarishi nyumbani kwa mabaki ya viwanda vya nguo, wakilipwa na wafanya biashara senti chache kwa kila mmoja. Mwaka 1972 Bibi Ela Bhatt na wenzake waliandikisha chama cha wafanya kazi cha wanawake wanaojitegemea, kiitwacho SEWA. Wakubwa wa serikali walikataa kwanza, wakauliza, chama gani kisicho na mwajiri wa kugombana naye? Wanawake wakajibu kuwa chama ni kwa ajili ya umoja wa wafanya kazi, si lazima kiwe cha kupigana na mtu. Wakaandikishwa, na baadaye washona mifarishi nao wakajipanga humo kudai malipo bora. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 177 juu ya kazi za nyumbani kwa malipo.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki katika mambo ya kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo yaitambua kazi ya kipande. Kwa hiyo mfanya biashara anayewapelekea akina mama vitambaa na kuwalipa kwa kila kimoja asidhani anawapa sadaka.

Nashauri hivi. Kwanza, akina mama washonaji wa Mukumu wakutane kabla ya Oktoba, wapatane bei ya chini ambayo hakuna atakayeishuka, na waiandike. Akishuka mmoja, wote wameshushwa. Pili, kila mshonaji aandike saa zake katika daftari, kwa maana kazi isiyoandikwa hupunjwa. Tatu, sisi wanunuzi tuagize mapema na kutanguliza fedha za uzi, ili mama asikope kwa ajili ya sikukuu yetu. Nne, tawi letu liwape akina mama hawa nafasi ya kukutania na mtu wa kuwasaidia hesabu.

Nami nilirudi kwa jirani yangu na ile 1,000 niliyompunja. Hakunisifu. Alifungua daftari, akaandika "imelipwa", akaniuliza, "Baba, na wa mwaka huu waagiza lini?"

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Mukumu