Chupa Inarudi, Kiroba Je?

Nimeshaitwa semina mara mbili kufundishwa kushona mkoba kwa kiroba. Mara zote mbili nimekunywa soda, nimekula sambusa, nimepigwa picha nimeushika mkoba wangu kama mtoto aliyefaulu mtihani, kisha nikapanda daladala kurudi nyumbani Igoma. Mkoba wa kwanza aliuchukua dada, anabebea mitumba. Wa pili bado umening'inia msumarini. Hakuna aliyeununua, na simlaumu mtu. Mwanza hii nani hana kiroba chake mwenyewe?

Lakini somo nililipata. Siku ile ya pili, kabla hatujaondoka, kijana wa mgahawa alipita na kreti akihesabu chupa za soda. Ikapungua moja. Kijana akasimama mlangoni, na mkubwa wala mdogo hakutoka mpaka chupa ilipoonekana chini ya kiti cha mwezeshaji. Nikajiuliza: mbona viroba hakuna anayevihesabu?

Hebu tuelewane kwanza. Nikisema kiroba simaanishi pombe ile ya vifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2017. Nasema mfuko uliofumwa kwa nyuzi bapa za plastiki, ambao wengine huuita salfeti au sandarusi. Ndimo tunamonunulia chakula cha kuku, pumba, mashudu ya pamba, na siku hizi chakula cha samaki wa vizimba ziwani. Dagaa wetu wenyewe hutoka Mwaloni Kirumba ndani ya viroba, husagwa, huchanganywa na mahindi na mashudu, kisha hurudi ndani ya kiroba kingine kulisha kuku wa Buhongwa. Mzunguko mzuri kabisa! Kila kitu kimeliwa, isipokuwa kiroba.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya gunia la katani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa ikiongoza dunia kwa katani, na baadaye Moshi kukawa na kiwanda cha magunia. Gunia likichakaa lilioza shambani, biashara ikaisha. Kiroba kililishinda gunia kwa wepesi na kwa bei. Sikatai, hata mimi nisingetaka kubeba gunia lililolowa mgongoni. Ila aliyetuletea kitu kisichooza hakutuambia tukizikie wapi.

Na eti sisi ndio wa kufundishwa kutumia tena! Njoo nyumbani kwa mama uone. Kiroba kikiisha pumba hukung'utwa, hufuliwa, huanikwa. Kimoja kinabeba mkaa, kingine kimejazwa udongo na kuoteshwa mchicha. Vingine vimeshonwa kwa shazia vikawa ukuta wa bafu. Vilivyojazwa mchanga vinazuia mvua isituletee kilima sebuleni. Mama hajawahi kuitwa semina. Huyo mwezeshaji angekuja kwake kuandika daftari.

Tatizo haliko kwa mama. Liko juani. Kiroba kikikaa nje muda mrefu hukauka, ukikigusa kinakatikakatika na kuacha nyuzi mkononi. Mvua ikija nyuzi zinaingia mtaroni, mtaro unaingia Mto Mirongo, na Mirongo haina pengine pa kwenda ila ziwani. Plastiki hii, polipropilini, ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Mwaka 2016 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa hapa hapa Mwanza. Mmoja katika kila watano, kwa sangara na kwa sato, alikutwa na chembe za plastiki tumboni. Sisemi zote zilitoka kwenye viroba. Nasema kutumia tena ni kuchelewesha safari tu. Bafu la mama litafika ziwani, leo au miaka mitano ijayo.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, na kweli mitaro ilipumua. Lakini vifungashio vya kilimo vilisamehewa. Naelewa sababu, chakula cha kuku hakiwezi kufungwa kwenye gazeti. Ila kusamehewa marufuku si kusamehewa wajibu.

Wapo watakaosema: basi virudishwe dukani vijazwe tena. Jamani, hapana! Kiroba kilichokaa kwenye banda la jirani kinaweza kukuletea mdondo ukalia na manyoya. Na kuna jingine. Mwaka juzi mama alinunua kiroba chenye nembo nzuri, kimeshonwa vizuri mdomoni. Ndani palikuwa na pumba iliyochanganywa na sijui nini. Kuku wakaacha kutaga. Alipokwenda kuuliza, muuza duka akamwambia, "Mama, mimi nauza kilichofungwa, sikifungui." Mtu alikuwa ameokota kiroba kikuukuu, akakijaza anavyotaka, akashona. Ada ya mdogo wangu ya muhula ule ilitoka kwa mkopo. Ndiyo maana kiroba kisicho na mwenyewe kinaniuma. Si takataka tu, ni kifaa cha mwizi.

Basi nasema hivi. Kiwanda kinachojaza kiroba kikihesabu mali yake, kama kinavyohesabiwa chupa. Ukinunua, uache pesa ya kiroba. Ukikirudisha, upewe pesa yako. Muuza duka akikate mdomo na ubavu mbele yako ili asijazie mtu. Vifungwe mzigo. Lori lililoleta chakula, ambalo mara nyingi hurudi tupu, lirudi navyo. Huko vifuliwe, nailoni ya ndani itengwe kwa sababu ni plastiki ya namna nyingine, na kilichobaki kiyeyushwe. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 160. Si moto wa ajabu. Hutoka ndoo, hutoka beseni, hutoka kiti. Hutoka kazi pia, kwa vijana hawa hawa tunaoshonishwa mikoba isiyonunuliwa.

Mtaniambia bei ya chakula itapanda. Mbona soda ya chupa hatukuiacha? Pesa ya chupa si bei, ni yako, inakungoja. Na asiyetaka kurudisha, mtoto wa jirani atakiokota na kukirudisha yeye. Mmewahi kuona chupa ya soda inayorudishwa imezagaa Mlango Mmoja siku tatu? Si kwamba watu wa Mwanza wanapenda usafi wa chupa kuliko wa viroba. Chupa ina bei.

Wenzangu vijana mnaoandika, tumezoea kulilia ziwa kwa mashairi. Tuliendelee. Lakini tuache kukubali kwamba dhambi ya kiroba ni ya mama anayekifua, halafu anayekichapa nembo yake kifuani apite kimya kama mgeni.

Nyuma ya nyumba yetu kuna viroba 31. Nimevihesabu mwenyewe. Ikiitishwa semina ya tatu nitakuja navyo vyote, nivimwage mbele ya mwezeshaji, nisimame mlangoni kama yule kijana wa kreti.