Mgonjwa Anapoilalamikia Dawa Yake



Wengi wetu tumewahi kumsindikiza ndugu au jirani hospitalini akiwa amefungwa kamba mikono, na tukarudi nyumbani tukishukuru kwamba sasa yu mikononi mwa wanaojua. Shukrani hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi hapo ndipo tunapoacha kuuliza. Katika toleo hili tumeona vema tuseme juu ya yale yanayotokea baada ya mlango wa wodi kufungwa: dawa anazopewa mgonjwa wa akili, zinavyomtendea mwilini, na nani anayemsikiliza anaposema kwamba zinamtesa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi moja nje ya jimbo letu, kijana mmoja aliniambia, “Padre, kwa Mungu nimekwisha kujiombea mwenyewe, wewe niombee kwa muuguzi.” Hakuweza kuketi. Alikwenda kutoka kitandani hadi dirishani, akarudi, akaenda tena, na usiku alikuwa hivyo hivyo. Alisema ndani ya miguu yake mnatembea sisimizi. Mambo hayo yalianza siku ya tatu baada ya dozi yake kuongezwa. Nilipoufikisha ujumbe wake, nilijibiwa kwamba kuhangaika huko ndiko ugonjwa wenyewe, na kwamba jioni ataongezewa dozi. Nikakubali, kwa kuwa sikujua. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alizitupa dawa zote, na kabla ya miezi miwili kupita alikuwa amerudishwa kwa kamba zile zile. Kila mtu alisema ni mkaidi.

Baadaye nilijifunza kwamba hali ile ina jina katika vitabu vya tiba, na kwamba ni mojawapo ya maudhi yanayojulikana sana ya dawa za jamii aliyokuwa akipewa. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Kabla ya hapo hospitali kama Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, hazikuwa na njia nyingi zaidi ya kumtunza mgonjwa na kumzuia asijidhuru. Hatupaswi kusahau jambo hilo. Klopromazini, haloperidoli na sindano ya flufenazini inayochomwa takriban mara moja kwa mwezi zimewarudisha watu wengi majumbani mwao, makazini na hata altareni. Anayewashauri wagonjwa wazitupe anawapeleka pabaya.

Lakini dawa hizo hufanya kazi kwa kupunguza nguvu ya kemikali moja ya ubongo iitwayo dopamini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwili kwenda kwa utaratibu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukakamaa, kutetemeka mikono, kudondokwa na mate, au kutembea hatua fupi fupi kama mzee angali kijana. Baada ya miezi au miaka, wengine huanza kutafunatafuna na kutoa ulimi bila kutaka, na hali hiyo huweza kubaki hata dawa ikiachwa. Dozi ikiwa kubwa mno maudhi huzidi. Daktari anaweza kuipunguza, kuibadili dawa, au kuongeza nyingine ya kutuliza maudhi kama bensheksoli. Sharti moja ni kwamba daktari ajue, naye hawezi kujua ikiwa neno la mgonjwa limekwisha kuhesabiwa kuwa ni wazimu.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi watu wa Kanisa kwa namna ya pekee. Katika siku za kwanza za dawa hizi, hasa haloperidoli, hutokea shingo ya mgonjwa ikapinda, macho yakageukia juu, ulimi ukakaza. Anayeona kwa mara ya kwanza huogopa, na neno la kwanza linalotamkwa ni pepo. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwenda kumwombea mtu wa namna hiyo. Sala si kosa, lakini mtu huyo anahitaji kupelekwa kwa tabibu mara moja, tena pamoja na vidonge alivyomeza; kwa sindano inayofaa shingo hulegea, mara nyingi katika muda mfupi. Kumshikilia hadi usiku wa manane huku tukimkemea shetani ni kumwongezea mateso mtu aliyetii na kumeza dawa yake.

Yapo pia mambo ambayo wodi haiwezi kuyaona, kwa sababu hutokea huku kwetu. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi juani, na jua la ziwani hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Nyingine huleta usingizi mzito, na mvuvi wa dagaa kazi yake ni usiku, ndani ya mtumbwi. Olanzapini huongeza njaa na unene, na kwa wengine sukari ya damu. Mama mwenye watoto sita na debe moja la unga akiambiwa kwamba mgonjwa wake amepata nafuu ila anakula sufuria nzima, tusishangae vidonge vikifichwa. Nani kati yetu aliwahi kumwuliza?

Hili si suala la huruma peke yake. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za kuwalinda watu wenye magonjwa ya akili, na humo imeelezwa kwamba dawa itolewe kwa ajili ya afya ya mgonjwa tu, kamwe isiwe adhabu wala njia ya kuwarahisishia wengine kazi, na kwamba iandikwe katika kumbukumbu zake. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, unaotaka mtu atibiwe kwa ridhaa yake baada ya kuelezwa. Najua atakavyojibu muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku na wodi imejaa. Ana haki ya kulalamika. Taifa hili lilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 61, na madaktari bingwa wa akili ni wachache mno. Lakini sindano ya kuinyamazisha wodi haigeuki kuwa tiba kwa sababu watumishi ni wachache. Mzigo huo wadaiwe wanaopanga ikama na bajeti. Usilipwe kwa mwili wa mgonjwa.

Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwakumbusha wahudumu wa afya kwamba mgonjwa wa akili hubaki daima na sura na mfano wa Mungu. Basi ana mdomo unaostahili kusikilizwa. Bwana alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na kila mtu njiani.

Sisi wa Butimba hatuko mbali na wodi. Bugando, hospitali ya Kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya magonjwa ya akili, na wengi wetu hupita chini ya kilima chake kila juma. Tena tunaishi jirani na gereza. Mshitakiwa anayeonekana kuwa na ugonjwa wa akili huweza kupelekwa kwa amri ya mahakama kuchunguzwa Isanga, Dodoma; akirudi, ndugu zake waulize kama cheti chake cha dawa kimerudi pamoja naye.

Tunaomba kila jumuiya ndogondogo yenye mgonjwa imteue mtu mmoja, anayekubaliwa na mgonjwa mwenyewe, awe na daftari. Aandike jina la dawa, dozi, siku ilipoanza au kubadilishwa, na maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Daftari hilo liende naye kliniki. Familia isimchanganyie mtu dawa katika uji kwa siri, wala isizikatishe ghafla kwa kuwa amepona. Kwa mwenye kifafa hasa, kukatisha ghafla huweza kuleta degedege mfululizo. Maudhi makubwa yanaweza pia kuarifiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na si lazima aliyearifu awe daktari. Nauli ikikosekana siku ya kliniki, viongozi wa kigango wajulishwe mapema, wala wasingoje hadi kamba zitafutwe tena.