Geuza Hiyo Sahani Kwanza

Wasee wa kukusanya vyombo vya kauri vya Hungaria, leo ni zamu yenu. Mkikasirika ni sawa.

Video zenu zote ziko hivi: sahani inaletwa mbele ya kamera, mnataja Herend, mnataja Rothschild, mnataja bei, imeisha. Na mwenye aliichora?

Kwa wale hamjui, Herend ni mahali Hungaria, karibu na mji wa Veszprém, na kiwanda chake kimekuwa hapo tangu 1826. Mtu anakaa na brashi nyembamba, anachora kipepeo, ua, unyoya wa ndege, kisha chombo kinarudishwa kwa tanuru ndio rangi ishike. Ndiyo maana ukiweka pamoja sahani mbili za nakshi moja, ndege hawafanani kabisa. Kuna mtu nilimwona akilalamika ati seti yake haijamechi. Bosi, hao ndege walichorwa na watu! Ukitaka zifanane, nunua za kubandikwa stika, ziko nyingi na ni bei rahisi.

Sasa angalia majina. 1851 Malkia Victoria aliagiza seti ya vipepeo na maua kwenye maonyesho makubwa ya London, nakshi ikaitwa Victoria. Apponyi nayo ni jina la familia ya makabaila. Lakini ile ya Rothschild ndiyo hunimaliza. Husimuliwa kwamba bibi mmoja wa familia hiyo alipoteza mkufu wake wa lulu bustanini huko Vienna, halafu mtunza bustani akapata ndege wakiuchezea juu ya mti. Kwa hivyo tunamkumbuka tajiri, tunaukumbuka mkufu, hata ndege wako na stori yao. Mchoraji amepata nini? Kaalama kadogo chini ya sahani, herufi au namba, kando ya stempu ya kiwanda.

Najua jibu lenu: bila majina makubwa kiwanda kingekufa. Mór Fischer, mwenye alikipa sifa kote Ulaya, aliwauzia hao wakubwa wote na bado akafilisika 1874. Baadaye, 1948, serikali ikakitaifisha. Kilipobinafsishwa 1993, hisa nyingi zikaenda kwa wafanyakazi wenyewe. Yaani watu wa brashi ni wenye kampuni, na nyinyi bado mko Rothschild, Rothschild.

Hii kitu inaniuma kwa sababu mimi pia huchora. Kuna duka nililichorea ukuta mzima, siku tatu kwa jua. Wakaposti picha, wakashukuru hadi kampuni ya rangi. Jina langu halikuwa mahali. Walau Herend mchoraji huachiwa nafasi ya kuweka alama.

Kwa hivyo kabla uposti kikombe chako, kigeuze. Ile alama ya mchoraji iwe picha ya kwanza, bei ikae mwisho, ama uitoe kabisa, hatukuuliza. Na kama uko na vyombo kadhaa, kaa chini uzilinganishe alama. Ukipata mkono mmoja kwa sahani mbili, hiyo ndiyo seti nataka kuona. Nitag.